Kupanua Nyumba England: Ruhusa, Vibali na Vipimo vya Kuzingatia

Nchini England, mwenye nyumba anayetaka kuongeza chumba nyuma, kugeuza dari kuwa chumba cha kulala au kujenga kibanda bustanini hupitia mojawapo ya njia tatu. Ya kwanza ni ruhusa ambayo serikali imekwisha kuitoa kwa nyumba nyingi kwa mpigo. Kwenye fomu za halmashauri inaitwa *permitted development*. Katika mwongozo huu ni ruhusa ya jumla. Ya pili ni idhini ya awali, ambapo halmashauri huarifiwa na majirani huulizwa kabla ya kazi kuanza. Ya tatu ni kibali kamili cha mipango, kinachoombwa kwa michoro, ada na muda wa kusubiri.

Scotland, Wales na Ireland Kaskazini zina kanuni zao, na vipimo vya hapa havitumiki huko.

Kwa nini mfumo uko hivi

Sheria ya Mipango ya Miji na Vijiji ya 1947 ilianza kutumika tarehe 1 Julai 1948. Tangu siku hiyo, kumiliki ardhi hakumpi mtu haki ya kujenga apendavyo: kila ujenzi unahitaji ruhusa ya umma. Lakini kama kila kibaraza na kila dirisha la paa lingepelekwa kwa ofisa wa mipango, halmashauri zingelemewa. Ndiyo maana serikali hutoa ruhusa ya jumla kwa kazi ndogo. Amri inayotumika sasa ni ya mwaka 2015, na imerekebishwa mara kadhaa.

Ruhusa hiyo hutolewa bila mtu yeyote kuitazama nyumba yenyewe. Kwa hiyo mipaka yake ni vipimo, na vipimo hivyo havina huruma. Nyongeza ikizidi kipimo kwa sentimita 10, haikosi ruhusa kwa zile sentimita 10 tu: nyongeza nzima huwa imejengwa bila ruhusa. Kazi ya kwanza ya mwenye nyumba ni kupima na kusoma, kabla ya kuzungumza na fundi.

Nyumba zisizo na ruhusa ya jumla

Maswali haya yajibiwe kwanza. Jibu la "ndiyo" kwa lolote kati ya manne ya mwanzo huondoa ruhusa ya jumla, yote au sehemu yake. La tano huipunguza, na la sita huongeza kibali kingine.

☐ Je, makazi hayo ni fleti? Ruhusa hii ni ya nyumba kamili tu. Fleti haina, hata ikiwa ya chini na yenye bustani yake.

☐ Je, nyumba ilizaliwa kwa kugeuza ofisi, duka au ghala la shamba chini ya ruhusa ya jumla ya kubadili matumizi? Nyumba za namna hiyo kwa kawaida hazina haki ya nyongeza.

☐ Je, kibali kilichojenga mtaa huo kiliweka sharti la kuondoa ruhusa ya jumla? Ni jambo la kawaida katika mitaa mipya. Sharti husomwa kwenye kibali cha awali cha mtaa, kilichomo katika kumbukumbu za mipango za halmashauri.

☐ Je, halmashauri imetoa agizo la Kifungu cha 4 kwa eneo hilo? Agizo hilo huondoa ruhusa fulani katika mitaa fulani, mara nyingi ile yenye majengo ya zamani.

☐ Je, nyumba iko katika ardhi yenye ulinzi maalumu? Hapa yamo maeneo ya hifadhi ya majengo, mbuga za taifa kama Peak District na Lake District, maeneo yenye mandhari ya kipekee, na maeneo ya Urithi wa Dunia kama mji wa Bath. Ruhusa ipo, lakini imebanwa.

☐ Je, jengo limeorodheshwa kwa thamani yake ya kihistoria? Hilo linahitaji kibali chake cha pekee, hata kwa kazi ya ndani inayogusa sura au uhalisi wake.

Nyumba ya asili ndiyo kipimo

Vipimo vingi havianzii kwenye nyumba ilivyo leo. Huanzia kwenye nyumba ilivyokuwa tarehe 1 Julai 1948, au ilivyojengwa mara ya kwanza ikiwa ilijengwa baada ya hapo. Kila kilichoongezwa na wamiliki waliotangulia kinahesabiwa ndani ya kiwango cha mmiliki wa sasa.

> MFANO
> Nyumba pacha iliyojengwa miaka ya 1930 ilinunuliwa ikiwa na jiko lililoongezwa nyuma mwaka 1985, lenye kina cha mita 2. Kwa nyumba pacha, ruhusa ya jumla ni mita 3 kutoka ukuta wa nyuma wa asili. Mmiliki mpya akitaka kusogeza jiko hilo nyuma zaidi, amebakiwa na mita 1, si mita 3.

Ushahidi wa umbo la asili hupatikana katika ramani za zamani, kumbukumbu za mipango za halmashauri na hati za mauzo. Nyumba za jirani zilizojengwa kwa ramani ile ile nazo husaidia: ikiwa moja haijaguswa, huonyesha ukuta wa asili uliishia wapi.

Vipimo vya ruhusa ya jumla

*Nyongeza ya nyuma isiyo na ghorofa*
- Kina: mita 3 kwa nyumba pacha na nyumba za safu, mita 4 kwa nyumba inayosimama peke yake.
- Kimo: kisizidi mita 4.
- Ikiwa sehemu yoyote iko ndani ya mita 2 kutoka mpaka wa kiwanja, ukingo wa chini wa paa usizidi mita 3.

*Nyongeza ya ubavuni*
- Isiwe na ghorofa, na kimo kisizidi mita 4.
- Upana usizidi nusu ya upana wa nyumba ya asili.
- Hairuhusiwi katika ardhi yenye ulinzi maalumu.

*Nyongeza ya nyuma yenye ghorofa*
- Kina kisizidi mita 3.
- Ibaki angalau mita 7 kutoka mpaka wa nyuma.
- Hairuhusiwi katika ardhi yenye ulinzi maalumu.

*Masharti ya nyongeza zote hizo*
- Nyongeza pamoja na vibanda visifunike zaidi ya nusu ya kiwanja, bila kuhesabu eneo la nyumba ya asili.
- Isijitokeze mbele ya uso mkuu wa nyumba, wala upande unaotazama barabara.
- Paa lake lisipite kimo cha paa lililopo.
- Vifaa vya nje vifanane kwa sura na vya nyumba iliyopo.
- Dirisha la ghorofani linalotazama ubavuni liwe na kioo kisichoonyesha ndani, na sehemu inayofunguka iwe juu ya mita 1.7 kutoka sakafu ya chumba.
- Roshani na jukwaa lililoinuka zaidi ya sentimita 30 havimo katika ruhusa hii.

*Chumba darini*
- Ujazo unaoongezwa kwenye paa usizidi mita za ujazo 40 kwa nyumba za safu, au 50 kwa nyingine. Ujazo ulioongezwa zamani unahesabiwa humo.
- Sehemu inayochomoza isiwe upande wa mbele wa paa unaotazama barabara, wala isipite kilele cha paa.
- Ianzie angalau sentimita 20 juu ya ukingo wa asili wa paa, inapowezekana.
- Hairuhusiwi katika ardhi yenye ulinzi maalumu.

*Kibaraza cha mlango wa nje*
- Eneo lisizidi mita za mraba 3 na kimo kisizidi mita 3.
- Kiwe zaidi ya mita 2 kutoka mpaka unaopakana na barabara.

*Kibanda cha bustanini*
- Kisikae mbele ya uso mkuu wa nyumba.
- Kikiwa ndani ya mita 2 kutoka mpaka, kimo chote kisizidi mita 2.5. Mbali zaidi, kimo ni mita 4 kwa paa la miteremko miwili na mita 3 kwa paa la namna nyingine.
- Matumizi yawe ya kuisaidia nyumba kuu: ofisi, mazoezi, stoo, karakana.

*Sakafu ya uani mbele ya nyumba*
- Ikizidi mita za mraba 5, ipitishe maji ardhini au ielekeze maji ya mvua bustanini. Zege linalomwaga maji barabarani linahitaji kibali.

> TAHADHARI: CHUMBA CHA UANI
> Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi zimezoea vyumba vya uani vya kupangisha au vya ndugu waliokuja kukaa. Kwa ruhusa ya jumla ya England hilo haliwezekani. Kibanda cha bustanini hakiwi makazi: kuweka humo chumba cha kulala cha mzazi, au jiko na bafu ili kipangishwe, kunahitaji kibali kamili. Chumba cha mzazi hupata njia nyepesi zaidi kikiwa ndani ya nyongeza iliyoshikana na nyumba.

Njia ya kati: idhini ya awali

Nyongeza ya nyuma isiyo na ghorofa inaweza kufika mita 6 kwa nyumba pacha na za safu, au mita 8 kwa nyumba inayosimama peke yake, ikiwa halmashauri itaarifiwa kwanza. Mpango huu ulianza kwa muda, ukafanywa wa kudumu mwaka 2019. Hautumiki katika ardhi yenye ulinzi maalumu.

1. Halmashauri hupelekewa maelezo ya kina, kimo cha juu kabisa na kimo cha ukingo wa paa, pamoja na mchoro wa kiwanja, anwani za majirani wanaopakana, na ada.
2. Halmashauri huwaandikia majirani hao na kuwapa angalau siku 21 za kujibu.
3. Asipopinga jirani yeyote, halmashauri haipimi athari kwa majirani. Mmoja akipinga, ofisa huangalia kama nyongeza itaathiri mwanga, faragha na utulivu wa majirani wote wanaopakana.
4. Uamuzi hutolewa ndani ya siku 42. Siku hizo zikipita kimya, kazi inaweza kuanza, mradi vipimo vingine vyote vimetimizwa.

Idhini hii haiombwi kwa kazi iliyokwisha kuanza. Msingi ukichimbwa kabla ya jibu, njia hii imefungwa.

Jirani aelezwe kabla barua ya halmashauri haijamfikia. Aliyeonyeshwa mchoro mapema na kusikilizwa hupinga kwa nadra kuliko aliyeshtukizwa na bahasha.

Cheti cha uhalali: karatasi inayolipa baadaye

Mwenye nyumba aliyejiridhisha kwamba nyongeza imo ndani ya ruhusa ya jumla halazimiki kumwomba mtu. Hata hivyo, ni vema aombe cheti cha uhalali wa ujenzi, kiitwacho *lawful development certificate*. Hapa halmashauri haiulizwi kama inaupenda ujenzi. Inaulizwa kama sheria inauruhusu. Maoni ya jirani kuhusu mwanga au faragha hayana uzito, kwa kuwa swali ni la vipimo.

Faida yake huonekana siku ya kuuza. Wakili wa mnunuzi huuliza ushahidi kwamba kila nyongeza ni halali, na bila cheti mauzo yanaweza kukwama wiki nyingi. Cheti kiombwe kabla ya kujenga: kosa la kipimo likigunduliwa kwenye karatasi, hurekebishwa kwa kalamu.

Kibali kamili: hatua kwa hatua

Ujenzi usiotoshea katika njia mbili za mwanzo haujakatazwa. Unahitaji tu kupimwa na halmashauri kwa hali yake.

1. Kusoma sera. Halmashauri nyingi zina mwongozo wa usanifu kwa nyongeza za nyumba. Nyingi hutumia kanuni ya nyuzi 45: mstari huchorwa kutoka dirisha la jirani, na nyongeza inayoukata huhesabiwa kuwa inaweza kumnyima mwanga.
2. Kutazama mtaa. Maombi ya majirani, yaliyokubaliwa na yaliyokataliwa, hupatikana bure kwenye tovuti ya halmashauri. Ripoti za maofisa huonyesha kilichopita na sababu zake.
3. Kuomba ushauri wa awali, pale mradi ulipo na utata. Ushauri huu hulipiwa, na hauifungi halmashauri itakapoamua.
4. Kuandaa michoro. Ramani ya mahali kwa skeli ya 1:1250 yenye mstari mwekundu kuzunguka kiwanja. Mchoro wa kiwanja kwa 1:500 au 1:200. Michoro ya sakafu na kuta za nje kwa 1:100 au 1:50, ikionyesha nyumba ilivyo na itakavyokuwa.
5. Kujaza hati ya umiliki. Msingi au mfereji wa paa ukiingia hata kidogo katika ardhi ya jirani, jirani huyo lazima apewe notisi. Hati isiyo sahihi inaweza kubatilisha maombi.
6. Kuwasilisha kupitia tovuti ya Planning Portal na kulipa ada. Muda huhesabiwa baada ya halmashauri kuthibitisha kwamba maombi yamekamilika.
7. Majirani kutoa maoni, kwa kawaida kwa siku 21. Yenye uzito ni kupoteza mwanga, kuchunguliwa, ukubwa unaolemea na sura isiyolingana na mtaa. Bei ya nyumba ya jirani na mandhari anayoyaona dirishani hazihesabiwi.
8. Kuwasiliana na ofisa. Ofisa akiona kasoro, marekebisho madogo yanaweza kupelekwa kabla ya uamuzi. Simu na barua pepe zijibiwe upesi.
9. Uamuzi, ambao lengo lake ni wiki 8. Maombi mengi ya nyumba huamuliwa na maofisa bila kufika kwenye kamati ya madiwani.
10. Kusoma masharti. Sharti linalotaka jambo lithibitishwe kabla ya kazi kuanza litimizwe kwanza. Kwa kawaida kibali huisha baada ya miaka 3 ikiwa kazi haijaanza.

> ADA
> Kuanzia tarehe 1 Aprili 2025, ada ya kibali kwa kupanua nyumba moja ilikuwa pauni 528. Cheti cha uhalali wa ujenzi unaokusudiwa, nusu yake, yaani pauni 264. Na idhini ya awali ya nyongeza kubwa, pauni 240. Ada hupandishwa kila Aprili kwa kufuata mfumuko wa bei, kwa hiyo kiwango cha siku hiyo kithibitishwe kabla ya kulipa.

Maombi yakikataliwa

Barua ya kukataa hutaja sababu na sera zilizovunjwa. Ikiwa kasoro ni kina, kimo au dirisha moja, njia ya haraka ni kupunguza na kuomba upya. Ikiwa halmashauri imekosea katika hukumu yake, rufaa hupelekwa kwa wakala wa serikali, Planning Inspectorate, ndani ya wiki 12 tangu tarehe ya uamuzi. Rufaa haina ada, lakini huamuliwa kwa michoro ile ile iliyokataliwa. Si mahali pa kuleta mradi mpya.

Kibali cha mipango hakimalizi kazi

*Kanuni za ujenzi.* Mipango huuliza kama nyongeza inafaa kuwa mahali hapo. Kanuni za ujenzi huuliza kama itasimama, itahifadhi joto na itawapa watu nafasi ya kutoka moto ukizuka. Karibu kila nyongeza na kila chumba darini huzihitaji, hata pale kibali cha mipango hakihitajiki. Mkaguzi hukagua msingi, mabomba ya majitaka, mihimili na kazi nyingine, kisha hutoa cheti cha kukamilika. Malipo ya mwisho ya fundi yasitolewe kabla ya cheti hicho.

*Ukuta wa pamoja.* Sheria ya kuta za pamoja ya 1996 humtaka mwenye nyumba ampe jirani notisi ya maandishi: miezi 2 kabla ya kugusa ukuta wanaoushiriki, na mwezi 1 kabla ya kuchimba msingi ndani ya mita 3 kutoka jengo la jirani kwa kina kinachopita msingi wake. Jirani asipojibu ndani ya siku 14, huhesabiwa kuna mgogoro, na wataalamu wa upimaji huteuliwa. Gharama zao kwa kawaida ni za anayejenga.

*Bomba la majitaka.* Kujenga juu ya bomba la umma, au ndani ya mita 3 kutoka kwake, huhitaji makubaliano na kampuni ya maji ya eneo hilo.

*Hati ya nyumba na mkopo.* Hati inaweza kuwa na masharti ya zamani yanayozuia kujenga. Mwenye nyumba ya kupanga kwa muda mrefu huhitaji idhini ya mmiliki wa ardhi. Benki iliyokopesha na kampuni ya bima ziarifiwe.

*Miti na popo.* Mti uliolindwa kwa agizo haukatwi bila idhini. Popo na maficho yao yanalindwa na sheria, na dari za nyumba za zamani zichunguzwe kabla ya paa kufunguliwa.

Makosa yanayojirudia

- Kupima kutoka ukuta wa sasa badala ya ukuta wa asili.
- Kuunganisha nyongeza ya nyuma na ya ubavuni ikizunguka kona, na kudhani kila upande utahesabiwa peke yake. Zikishikana, hupimwa kama kitu kimoja, na mara nyingi hushindwa kipimo cha nusu ya upana.
- Kuiga nyongeza ya jirani. Huenda ilipewa kibali kamili, au ilijengwa kinyume cha sheria.
- Kuamini kauli ya fundi kwamba kibali hakihitajiki. Notisi ikija, huandikwa kwa mwenye nyumba.
- Kubadili mchoro kazi ikiendelea. Dirisha lililohamishwa au paa lililoinuliwa linaweza kuwa ujenzi mwingine usio na kibali.

Kujenga bila ruhusa

Kujenga bila kibali si jinai kwa kawaida, lakini halmashauri inaweza kutoa notisi ya kulazimisha nyongeza ibomolewe au irekebishwe, na kuipuuza notisi hiyo ni kosa la jinai. Kwa ujenzi uliokamilika tarehe 25 Aprili 2024 au baadaye, halmashauri ina miaka 10 ya kuchukua hatua. Kwa uliokamilika kabla ya hapo, ilikuwa miaka 4. Jengo lililoorodheshwa ni jambo lingine kabisa: kulibadilisha bila idhini ni jinai tangu siku ya kwanza, na hakuna muda wa kuponea.

Aliyekwisha kujenga anaweza kuomba kibali baada ya kazi. Maombi hayo hupimwa kama maombi mengine, na yakikataliwa gharama ya kubomoa ni yake.

Orodha ya mwisho kabla ya msingi kuchimbwa

☐ Umbo la nyumba ya asili limethibitishwa kwa ushahidi.
☐ Masharti ya kibali cha zamani na maagizo ya Kifungu cha 4 yamesomwa.
☐ Cheti cha uhalali, idhini ya awali au kibali kamili kiko mkononi kwa maandishi.
☐ Masharti yanayotakiwa kabla ya kuanza yametimizwa.
☐ Maombi ya kanuni za ujenzi yamepelekwa, na mkaguzi anajua tarehe ya kuanza.
☐ Notisi za ukuta wa pamoja zimetolewa na muda wake umetimia.
☐ Kampuni ya maji, benki, bima na mmiliki wa ardhi wamearifiwa inapohitajika.
☐ Mkataba na mkandarasi unataja namba za michoro iliyoidhinishwa, na nakala yake iko mikononi mwa fundi.